Dereva kalipa faini. Mkono wangu nani ataulipa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza chai, maandazi na mihogo ya kukaanga kando ya barabara hapa Morogoro. Mwezi wa nne mwaka jana tipa la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwenye eneo la ujenzi, likagonga banda langu. Karai la mafuta likanimwagikia mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Utingo hakushuka kumwongoza dereva, alikuwa amekaa ndani. Nina kisukari, kidonda kilichukua miezi minne, na vidole viwili havikunjiki tena. Dereva alipelekwa mahakamani akakiri kosa, akapigwa faini. Mwenye tipa alinifuata hospitali akanipa shilingi 150,000, nikasaini karatasi. Sasa nikimpigia anasema kesi imeisha, faini imelipwa; mara nilikaa eneo la barabara; mara kidonda kilichelewa kwa sababu ya sukari yangu; mara mimi na yeye hatuna mkataba. Nilikopa kausha damu ninunue dawa, mpaka leo nalipa. Nina haki yoyote, au niache?

JIBU: Pole sana, dada. Usiache. Haki unayo, na katika yote aliyokuambia mwenye tipa, moja tu linaweza kukupunguzia fedha, na hilo nalo halifuti dai lako.

Nianze na faini, maana ndiyo inayowakatisha tamaa watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Kesi ya trafiki ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva. Wewe hukuwa na kesi pale, ulikuwa shahidi. Dereva alishtakiwa kwa kuvunja sheria ya nchi, akaadhibiwa, na fedha aliyotoa imeingia serikalini. Hakuna senti hata moja iliyokusudiwa kuulipa mkono wako. Ni kweli mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumia, lakini kama haikuamuru, hukupoteza kitu. Dai lako linabaki palepale, na njia yake ni shauri la madai, unalolifungua wewe mwenyewe kwa jina lako.

Tena faini hiyo imekusaidia. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwenye madai kipimo ni chepesi zaidi: hakimu anapima ushahidi wa pande mbili na kuangalia upi una uzito kuliko mwenzake. Na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Dereva alikiri. Hawezi kuja kwenye shauri la madai akasema hakuendesha kizembe siku ile. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuitafuta ni nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Nenda kwa karani wa mahakama ile, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri. Faini anayoitumia kukufukuza ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Kuhusu hilo la “hatuna mkataba”, anasema kweli, ila halimsaidii. Sehemu kubwa ya sheria hii tunayoiita sheria ya madhara ipo kwa ajili ya watu wasio na mkataba kati yao. Mpita njia na mwenye gari hawana mkataba. Jirani na jirani hawana mkataba. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake mgahawani. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni ndani. Alikuwa ameshakunywa kiasi, rafiki yake alipomimina kilichobaki, wakaona mabaki ya konokono yaliyooza. Mama akaugua. Hakununua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba hata na mwenye mgahawa, sembuse na kiwanda. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika kwake moja kwa moja. Lord Atkin alieleza kwa wazo jepesi: jirani yako kisheria ni yule ambaye, ukifikiri kidogo kabla ya kutenda, utaona kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru. Huyo ndiye unayepaswa kumjali.

Usishangae kesi ya Scotland inaingiaje Morogoro. Hapa Tanzania hatuna sheria moja iliyotungwa na Bunge kueleza uzembe wa namna hii kifungu kwa kifungu. Tuliupokea kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358. Maamuzi ya Uingereza ya baada ya siku hiyo hayazifungi mahakama zetu, lakini zinayasoma na kuyafuata pale yanapoendana na hali yetu. Hilo la “jirani” zimelifuata miaka yote.

Sasa tulitazame tipa lenyewe. Mdai wa uzembe anatakiwa aoneshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba kukiuka huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yapo kweli. Wajibu hauna ubishi: anayeendesha gari anawajibika kwa kila aliye barabarani na kando yake. Kwenye kuukiuka ndiko kesi nyingi hupiganiwa, na kipimo chake ni mtu mwangalifu wa kawaida. Hatumpimi dereva kwa malaika, wala kwa dereva mzembe mwenzake. Tunauliza: dereva makini, mwenye tipa limejaa mchanga, hawezi kuona nyuma kwa sababu ya bodi, anarudi kuelekea mahali penye watu, angefanya nini? Angemshusha utingo asimame nyuma ubavuni, amwongoze, awaambie watu wasogee. Kumshusha utingo hakuna gharama. Kutomshusha kumekugharimu mkono. Sheria inapima hivyo hivyo: hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na kuizuia kungekuwa kazi kiasi gani.

Angalia kwamba hakuna anayetakiwa kuthibitisha kuwa dereva alikuwa na nia mbaya. Anaweza kuwa mtu mwema, baba wa watoto, aliyekuja kukuomba msamaha kwa machozi. Ninalisema hili kwa sababu akina mama wengi huniambia, “Wakili, yule kijana aliniomba radhi, nitamshtaki vipi?” Msamaha wako ni wa moyoni na ni mzuri. Dawa, vidole na kazi iliyosimama ni hesabu nyingine, na kumsamehe mtu hakukuzuii kudai gharama zako.

Tena si yeye utakayembana peke yake. Utamdai dereva pamoja na mwenye tipa. Mwajiri anabeba uzembe wa mfanyakazi wake aliyekuwa katika kazi aliyomtuma, hata kama yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amelala nyumbani. Yeye ndiye anayepata faida ya tipa kutembea, na yeye ndiye anayeweza kukata bima. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali mwaka 1969 kwamba gari likisababisha ajali kwa uzembe, inachukuliwa kuwa aliyekuwa anaendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka yeye aoneshe vinginevyo. Angeweza kuonesha vinginevyo kama dereva angekuwa amelichukua tipa Jumapili kwa siri kubebea vyombo vya harusi ya dada yake. Lakini kuleta mchanga kwenye jengo la mteja ndiyo kazi yenyewe. Kama mkandarasi wa jengo ndiye aliyekuwa akipanga magari yaingie wapi na lini, wakili wako aangalie kumuunganisha na yeye.

Tuje kwenye lile moja lenye uzito: ulikaa eneo la barabara. Zamani sheria ya Kiingereza ilikuwa kali mno hapa. Mwaka 1809 mtu mmoja aliyekuwa akikimbiza farasi njiani jioni aligonga nguzo iliyowekwa kukatiza barabara, akaumia. Akanyimwa fidia yote kwa sababu naye hakuwa mwangalifu. Kosa lako likiwa dogo kama punje, unaondoka mikono mitupu. Sisi tumeachana na hilo. Kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, mwenye sehemu ya kosa hafukuzwi mahakamani. Fidia yake inapunguzwa kwa kadiri ya mchango wake katika madhara.

Swali la hakimu halitakuwa kama ulikuwa na kibali cha kukaa pale. Kukaa hifadhi ya barabara bila ruhusa ni jambo kati yako na mamlaka ya barabara au halmashauri, wana taratibu zao za kukuondoa, na kukurudishia tipa kinyumenyume si mojawapo. Hakimu atauliza kama wewe hukujali usalama wako mwenyewe, na kama kutojali huko kulichangia kuungua kwako. Hapo maelezo madogo yana thamani kubwa. Banda lilikuwa mita ngapi kutoka kwenye lami? Lilikuwepo kabla ujenzi haujaanza? Matipa yalikuwa yakiingia upande huo kila siku, au siku ile dereva alikata njia mpya? Uliona tipa linakuja ukabaki, au ulikuwa umegeukia jiko? Kama madereva walewale walikuwa wanakunywa chai kwako kila asubuhi, walijua fika kwamba upo pale, na hilo linamlemea dereva zaidi. Banda likiwa ukingoni kabisa mwa njia ya magari ya ujenzi, jiandae kukatwa sehemu. Kupunguziwa si kushindwa. Ukipewa milioni kumi ukakatwa robo, unaondoka na milioni saba na nusu.

Kisukari. Hili limeniumiza kulisoma, kwa sababu mtu anakuunguza halafu anakulaumu kwa mwili uliozaliwa nao au ugonjwa uliokupata. Kanuni ni ya siku nyingi: anayekosa anamchukua mtu jinsi alivyomkuta. Mwenye fuvu laini kama ganda la yai ukimpiga kofi akafa, huwezi kusema mwenye fuvu gumu asingekufa. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1962 inayokaribiana na yako. Mfanyakazi wa kiwandani alirukiwa na tone la madini yaliyoyeyuka mdomoni, akapata jeraha dogo la kuungua. Mdomo wake tayari ulikuwa na hali iliyoelekea kuwa saratani. Jeraha likaiamsha, na miaka mitatu baada ya ajali akafariki. Mwajiri alisema nani angetazamia saratani kutoka kwenye tone moja? Jaji akajibu kwamba inatosha mwajiri angeweza kutazamia kuungua. Likishatokea hilo, analipa kwa matokeo yake katika mwili aliokutana nao.

Kwako ni vivyo hivyo. Kama tipa lisingerudi, karai lingebaki jikoni na sukari yako ingeendelea kukaa kimya na vidonge vyake. Mwenye tipa anaweza kukuuliza jambo moja tu la haki hapa: je, wewe ulifanya juhudi ya kawaida kupunguza madhara? Ulihudhuria kubadilishiwa bandeji? Ulitumia dawa? Ndiyo maana kadi ya kliniki ya kisukari na kadi ya kidonda ni ushahidi. Usizitupe hata kama zimechakaa. Kisha omba ripoti ya daktari inayosema wazi vidole vipi havikunjiki, sababu ni nini, na ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inaonesha ulivyofika siku ya ajali, lakini haitoshi kueleza mkono wako ulivyo leo.

Ile karatasi uliyosaini hospitali, isome tena, au kama nakala anayo yeye, mwombe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kila kitu kinategemea maneno yake. Ikisema “nimepokea shilingi 150,000 za dawa”, ni risiti, na kiasi hicho kitatolewa kwenye fidia yako. Ikisema “nimelipwa yote na sitadai tena”, basi ni makubaliano ya kumaliza dai, na itabidi kuivunja. Si jambo rahisi, lakini linawezekana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa huru. Mtu aliye kitandani, mkono wa kulia umefungwa, ana dawa za usingizi, anasainishwa kwa mkono wa kushoto bila ndugu wala wakili, kwa fedha isiyofika hata gharama ya wiki mbili za bandeji, ana hoja nzuri ya kusema ridhaa yake haikuwa huru. Eleza nani alikuwepo wodini, saa ngapi, na kama ulisomewa.

Mkopo wa kausha damu ni mgumu zaidi, na sitaki nikupe matumaini ya bure. Sheria hailipi kila kitu kilichofuata baada ya ajali. Inalipa kilicho karibu, ambacho mtu angeweza kukitazamia. Fedha uliyonunulia dawa utaidai bila shida. Riba ndiyo kikwazo: kwa muda mrefu, tangu uamuzi wa mwaka 1933, Waingereza walisema hasara inayotokana na umaskini wa mdai mwenyewe haimhusu mkosaji. Mwaka 2003 majaji wao wakaachana na msimamo huo, wakasema mkosaji anamkuta mtu alivyo hata mfukoni. Mimi ningeiweka riba kwenye madai, nikaambatisha mkataba wa mkopo na tarehe zake, ili hakimu aone ulikopa wiki ileile ulipotakiwa kununua dawa. Lakini nisingejenga kesi yote juu yake.

Juu ya nini basi? Juu ya hesabu. Fidia ina sehemu mbili. Fidia mahususi ni fedha iliyotoka mfukoni au iliyokosekana, inayohesabika: dawa, nauli za hospitali, karai, meza, mabati, kipato kilichosimama. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi, na uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992 unanukuliwa karibu kila wiki, kwamba fidia ya namna hii lazima itajwe kitu kwa kitu kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Ukiandika “gharama za matibabu milioni tatu” bila mchanganuo, unaweza kushinda kesi na usipate hata shilingi ya hizo milioni tatu. Fidia ya jumla ni ya maumivu, kovu, vidole, na kushindwa kumfunga mjukuu mgongoni. Hiyo haina risiti, hakimu anaipima mwenyewe, lakini anaipima kwa kile alichosikia.

Najua utasema: mama wa maandazi risiti atazitoa wapi? Unazo kuliko unavyodhani. Daftari lako la wateja wa mkopo linaonesha mauzo. Mwenye duka anayekuuzia unga na mafuta anaweza kuja kueleza ulikuwa unachukua kilo ngapi kwa wiki kabla ya ajali, na ngapi baada yake. Malipo ya wateja kwenye simu yana taarifa ya miezi yote, unaiomba kwa mtandao wako. Kikoba kina kitabu cha hisa: kama ulikuwa unaweka kila Ijumaa bila kukosa na kuanzia mwezi wa nne kurasa ni tupu, hakimu anasoma mwenyewe. Risiti za duka la dawa zile za karatasi nyembamba hufutika, zipige picha leo.

Halafu muda. Shauri la madhara linafunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya tukio, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Bado uko ndani. Lakini mazungumzo ya simu hayasimamishi saa. Niliwahi kuletewa baba aliyevunjwa nyonga, kesi yake nzuri kuliko yako. Mwenye basi alikuwa anamwambia “subiri tumalize kiutu uzima”, akimtumia elfu ishirini kila sikukuu. Alifika kwangu miaka mitatu na miezi miwili baada ya ajali. Nililazimika kumweleza kwamba mlango wa mahakama umefungwa, naye akaniuliza mara tatu kama nimesoma tarehe vizuri. Kila nikikuta neno “subiri” kwenye barua ya msomaji, namkumbuka.

Kwa hiyo anza na barua ya madai kwa dereva na mwenye tipa, yenye mchanganuo, ukiwapa siku kama 21 za kujibu. Tafuta kampuni ya bima: namba ya usajili ya tipa imo kwenye hukumu ya trafiki, na mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wa kuhakiki bima unakuonesha gari lilikatiwa wapi. Hata bima ndogo inamhusu mtu kama wewe, kwani ndiyo bima ya lazima kwa kila gari, ya kulinda wengine. Ipeleke taarifa ya maandishi kwa bima hiyo kabla hujafungua shauri, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukishinda, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaibana ilipe hukumu. Wakikupuuza, shauri ni la Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mahakama ya Mwanzo usiende, uzembe wa aina hii si eneo lake, utapoteza miezi. Kwa kawaida mtapelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa mahakamani, na madai mengi ya namna hii huishia hapo kwa bima kutoa fedha.

Kama wakili humudu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure, pamoja na wasaidizi wa kisheria ngazi ya kata. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo hati yako ya madai utaisoma mwenyewe kabla ya kuisaini. Isome yote, hasa zile namba za mchanganuo, na usiisaini mpaka karai na mabati yamo.